Kusahihisha na Kutoa Alama: Historia Fupi ya Upimaji wa Maandishi Kutoka Ubao wa Ujiji Hadi Kompyuta, na Fundisho Lake kwa Vyuo vya Theologia

1. Utangulizi

Katika lugha yetu ya Kiswahili, kazi ya mwalimu anayesoma madaftari ya wanafunzi wake huitwa kusahihisha. Neno hili limetokana na sahihi, lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kulifanya jambo lililopotoka liwe sawa. Kutoa alama ni tendo jingine. Mtu aweza kutoa alama bila kusahihisha kitu chochote: huhesabu, huandika tarakimu, hulifunga daftari. Aweza pia kusahihisha bila kutoa alama, kama afanyavyo mzazi anapomrekebisha mtoto wake katika kusema. Tena neno lilo hilo, sahihi, ndilo tunalolitumia kwa jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake chini ya hati, kuonyesha kwamba ameisoma na anawajibika kwayo.

Makala hii inakusudia kufuatilia historia ya matendo haya mawili, kusahihisha na kutoa alama, na kuonyesha jinsi yalivyotengana kidogo kidogo. Jambo hili limekuwa la haraka kwa vyuo vyetu. Siku hizi zimepatikana programu za kompyuta ambazo hupewa insha ya mwanafunzi na, kabla mwalimu hajamaliza kunywa chai yake, huirudisha ikiwa na alama na maelezo. Chuo chenye walimu wachache na wanafunzi wengi hakiwezi kuipuuza habari hiyo. Kabla ya kuipokea au kuikataa, yafaa tujue tulikotoka.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, yaani Kigoma, Ujiji, na hasa Mwandiga, mji mdogo ulioko kaskazini ya Kigoma, mahali inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu na mpaka wa Burundi. Watu husema Kigoma ni mwisho wa reli, na tangu reli ya kati ilipofika huko mwaka 1914 msemo huo umekuwa na maana mbili: umbali, na kufikiwa mwisho. Mtoto wa Mwandiga hufanya mtihani uleule wa taifa anaoufanya mtoto wa Dar es Salaam. Mwinjilisti wa Mwandiga hutumwa katika vyuo vilevile vya Biblia na theologia. Kwa hiyo kama njia fulani ya kupima maandishi ni njema, wema wake hauna budi kuonekana hata Mwandiga. Kama ina kasoro, huko ndiko itakakouma kwanza.

2. Ubao, katekisimu na uso kwa uso

Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, mji huo ulikuwa tayari makao ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na pamoja nao ilikuja Kurani na mafundisho yake. Utaratibu wa vyuo vya Kurani, unaojulikana kote katika Uswahili, ni huu: mwanafunzi huandika aya kwenye ubao kwa wino, mwalimu huitazama, hurekebisha herufi na matamshi, mwanafunzi husoma mbele yake hadi aijue, ndipo ubao huoshwa na aya nyingine huandikwa. Hakuna tarakimu inayobaki. Kipimo ni kimoja tu: mwalimu ameridhika, au hajaridhika. Twaweza kuukosoa utaratibu huo kwa kuegemea mno kukariri, lakini hatuwezi kukana kwamba ndani yake kupima na kusahihisha vilikuwa tendo moja, lililofanywa na mtu mmoja, uso kwa uso.

Wamisionari wa Kikristo walipofika hawakuja na utaratibu ulio tofauti sana. Chama cha Misioni cha London kilifika Ujiji mwezi Agosti 1878; J. B. Thomson, kiongozi wa msafara huo, alifariki mwezi uliofuata, na Edward Hore, aliyekuwa baharia, akaendelea na kazi ziwani. Mwezi Januari 1879 walifika Mapadre Weupe, ambao baadaye walikwenda Rumonge, ambako Padre Deniaud na wenzake wawili waliuawa mwaka 1881. Misioni hizi, na nyingine zilizozifuata katika nchi yetu, zilifundisha kwa katekisimu: swali na jibu, kwa mdomo, mbele ya katekista.

Sisi Walutheri tunaujua vizuri utaratibu huo. Twakumbuka kwamba Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ilizaliwa na mtihani. Martin Luther na wenzake walizikagua sharika za Saksonia katika miaka ya 1528 na 1529, wakawakuta watu, na hata wachungaji, wasiojua misingi ya imani yao. Tokeo la ukaguzi ule halikuwa orodha ya walioshindwa. Lilikuwa kitabu cha kuwafundishia. Katika dibaji yake Luther aliwaagiza wachungaji wafuate hatua tatu: kwanza maneno yenyewe kwa mpangilio usiobadilika, kisha maana yake, na hatimaye maelezo mapana zaidi. Hatari ya kukariri katika sharika zetu haikuletwa na katekisimu yenyewe, bali na mazoea ya kuishia katika hatua ya kwanza. Kuyajua maneno kwaweza kupimwa kwa kusikiliza tu. Kuijua maana kwahitaji mwanafunzi aseme au aandike kwa maneno yake mwenyewe, na mwenzake ayasikilize.

3. Mitihani ya ng'ambo na jaribio la kujitegemea

Wakati wa utawala wa Mwingereza, wanafunzi wachache waliofikia kidato cha juu katika shule kama ile ya Tabora walifanya mtihani wa Cambridge. Majibu yao yalisafiri kwa meli hadi Uingereza, yakasomwa na mtu asiyewajua wala kuijua nchi yao, na kilichorudi baada ya miezi mingi kilikuwa ni matokeo. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, kutoa alama na kusahihisha vilipoachana waziwazi katika elimu yetu. Mtahini wa Cambridge alikuwa msomaji makini, lakini kazi haikumrudia aliyeiandika. Hakuna mwanafunzi aliyejifunza kuandika kutokana na mtihani ule. Alijifunza tu kwamba ameshinda au ameshindwa.

Baada ya uhuru madaraka ya mitihani yalirudi nyumbani kwa hatua. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alikuwa amekwisha kulalamika kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa kwa siku na saa iliyopangwa, bila kupima tabia yake wala moyo wake wa kuwatumikia wengine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililichukua wazo hilo likalifanya sera: mtihani wa mwisho usiwe mwamuzi wa pekee, bali kazi za mwanafunzi za kila siku, zilizotazamwa na mwalimu wake, zihesabiwe pia. Katika shule za sekondari kazi hizo zilipewa nusu ya alama zote.

Wakati huohuo taifa lilifanya upimaji mwingine ambao haufai kusahaulika. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Baada ya kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, upimaji wa kitaifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi asilimia 39. Katika vijiji vya Buha, kama kwingineko, wazee walikaa madawatini na kushika kalamu. Twaona kwamba jambo lililowekwa mbele katika ngazi za juu za upimaji ule lilikuwa ni mtu kuweza kuandika kitu cha kumfaa maishani. Taifa maskini liliona kuwa inawezekana kumpima mkulima kwa maandishi yake mwenyewe.

Kilichoyabana mawazo haya mazuri kilikuwa ni wingi. Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977 ilileta shuleni watoto kwa mamilioni, nayo walimu na vitabu havikuongezeka kwa kadiri ileile. Mwalimu mwenye watoto tisini au mia darasani hawezi kusoma insha tisini kila juma. Kidogo kidogo mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ukaja kuegemea maswali ya kuchagua jibu, na darasa likaufuata mtihani, kwa kuwa ndivyo madarasa yafanyavyo siku zote.

4. Penseli na mashine

Swali la kuchagua jibu lina historia yake. Frederick Kelly wa Kansas, Marekani, alilitumia katika mtihani wake wa kusoma katika miaka ya 1914 na 1915, akitafuta njia ya haraka ambayo hisia za msahihishaji haziwezi kuipotosha. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ilitoa mashine Na. 805, iliyotokana na ubunifu wa Reynold Johnson, mwalimu wa shule huko Michigan. Mashine hiyo iliutambua weusi wa penseli kwa sababu risasi ya penseli hupitisha umeme. Katika miaka ya 1950 Everett Lindquist wa Iowa alitengeneza mashine iliyosoma karatasi kwa mwanga, na hiyo ndiyo asili ya zile zinazotumika sasa.

Teknolojia hiyo iliufikia mtihani wa darasa la saba nchini Tanzania mwaka 2012. Watahiniwa walipewa fomu maalumu, wakatakiwa kusiliba kwa penseli herufi ya jibu walilolichagua, na fomu zikasomwa na kompyuta. Haki yatudai tuseme kwanza mazuri yaliyopatikana. Mashine haichoki jioni, haimpendelei mtoto wa mtu yeyote, wala haihongeki. Mwaka 2011 watahiniwa 9,736 walifutiwa matokeo kwa udanganyifu; mwaka 2012 idadi hiyo ilikuwa 293. Kiwango cha kufaulu nacho kilishuka kutoka asilimia 58 hadi asilimia 31 hivi. Hatudai kwamba badiliko hilo la mashine ndilo sababu pekee ya tarakimu hizo, lakini zinatosha kutuzuia tusiidharau. Kwa mtoto wa Mwandiga asiye na mjomba katika ofisi yoyote, mwamuzi asiyemjua mtu ni aina mojawapo ya haki.

Hata hivyo mwaka huohuo wa 2012 ilitangazwa kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, yaani waliofaulu mtihani wa mwaka uliotangulia, hawajui kusoma na kuandika. Habari hiyo iliwashtua wengi, lakini ukiutazama mtihani wenyewe huna sababu ya kushangaa. Mtu anayebahatisha kati ya herufi tano hupata, kwa wastani, jibu moja katika kila matano, bila kusoma neno.

Jambo linalotugusa zaidi limo katika karatasi ya Kiswahili. Karatasi hiyo ilikuwa na sehemu iliyoitwa Utungaji. Mwanafunzi hakutakiwa kutunga. Alipewa sentensi nne zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine, zikiwa zimechanganywa, akatakiwa kuzipanga kwa herufi A, B, C na D ili zilete maana. Zoezi hilo si baya. Linapima kama mtoto anaufahamu mtiririko wa mawazo. Lakini mtoto aliyepita madarasa saba kwa zoezi hilo peke yake amepanga mawazo ya wengine tu. Hajawahi kuulizwa yeye ana wazo gani. Jina la utungaji lilibaki baada ya utungaji wenyewe kuondoka. Ni kweli kwamba baadaye mitihani hiyo iliongezewa maswali machache yanayodai mwanafunzi aandike jibu lake, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini tabia iliyokwisha kujengeka katika madarasa haiondoki kwa mwaka mmoja.

Ng'ambo ya ziwa kuna mfano wa kulinganisha. Nchini Kongo, Mtihani wa Dola unaomaliza elimu ya sekondari ulianzishwa mwaka 1967, na sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu ambayo husahihishwa kwa kompyuta. Lakini Wakongo hawakuiacha insha. Insha ya Kifaransa hufanywa kwa siku yake, kabla ya mtihani mkuu, nayo husomwa na walimu. Wakimbizi wa Kongo walioishi katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, mkoani Kigoma, waliendelea kufuata mtaala huo wa kwao, insha ikiwamo. Kwa hiyo katika mkoa mmoja, katika miaka ileile, ilikuwako mifano miwili: mmoja ambao mashine iliiondoa insha mwishoni mwa elimu ya msingi, na mwingine ambao mashine ilipewa sehemu yake na insha ikabaki na msomaji. Hatusemi kwamba elimu ya Kongo haina matatizo, ina mengi. Twasema tu kwamba kuipokea mashine hakulazimishi kuiacha insha. Ni uamuzi wa watu.

5. Kanisa nalo lilijaribu

Si vyema tuizungumzie serikali kana kwamba Kanisa lilikuwa limesimama kando. Mwaka 1963, huko Guatemala, seminari ya Kipresbiteri iliona kwamba wengi wa wale wanaoziongoza sharika hawawezi kuziacha familia na mashamba yao ili wakae bwenini miaka mitatu. Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler walianzisha utaratibu wa kuupeleka mafunzo yao kule waliko wanafunzi. Hiyo ndiyo Elimu ya Theologia kwa Enezi, ambayo tangu miaka ya 1970 ilisambaa katika Afrika Mashariki, na ambayo waandishi kama Fred na Grace Holland waliitungia vitabu.

Wasomaji wetu waliowahi kuongoza kundi la enezi wanavikumbuka vitabu hivyo. Somo liligawanywa vipande vidogo. Kila kipande kilifuatwa na swali. Mwanafunzi aliandika jibu, akafunua jibu sahihi lililochapwa mahali pengine, akajisahihisha, ndipo akaendelea. Wazo hilo lilitokana na mafundisho ya B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 alitengeneza mashine za kufundishia. Kwa maneno mengine, wainjilisti wetu walikwisha kukutana na usahihishaji usio na mwalimu miaka mingi kabla kompyuta haijafika vyuoni. Ulikuwa ni usahihishaji wa karatasi, lakini kanuni yake ni ileile: jibu la haraka, lisilobadilika, kwa kila mtu.

Nini kilitokea? Ted Ward, mwalimu mwingine wa Marekani, aliifananisha enezi na uzio wa mbao. Ubao mmoja wa ulalo ni masomo ya kitabuni. Ubao wa pili ni kazi ya mwanafunzi katika usharika. Nguzo zinazoushikilia uzio ni mikutano ya mara kwa mara kati ya mwanafunzi, wenzake na kiongozi wao. Mahali nguzo ziliposimama, enezi ilizaa viongozi wanaofikiri. Mahali kiongozi alipoacha kuja, kwa sababu ya mvua, au nauli, au uchovu, mbao zililala chini. Wanafunzi walijaza nafasi zilizoachwa wazi, wengine wakianza kwa kufunua jibu, vitabu vikajaa majibu sahihi, na mahubiri ya Jumapili yakabaki yalivyokuwa. Kosa halikuwa la kitabu. Kitabu kilifanya yote kilichoweza kufanya. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: wewe umeonaje?

6. Mashine inayosoma insha

Kompyuta haikuishia kwenye kusoma weusi wa penseli. Mwaka 1966 Ellis Page wa Chuo Kikuu cha Connecticut, aliyekuwa amewahi kufundisha shule, alitangaza kwamba wakati wa kompyuta kutoa alama za insha umekaribia. Programu yake haikuelewa insha. Ilihesabu mambo yanayoonekana, kama urefu wa insha, urefu wa maneno, idadi ya mikato, na kutokana na hayo ilikisia alama ambayo msomaji angeitoa. Ilikisia vizuri kuliko watu walivyotazamia. Mwaka 1999 programu iitwayo e-rater ilianza kutumika katika mtihani wa GMAT, wa kuingilia vyuo vya biashara: kila insha ilipata alama moja kutoka kwa mtu na moja kutoka kwa mashine, na zilipotofautiana sana aliitwa msomaji wa pili.

Wapinzani hawakukosekana. Les Perelman wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, pamoja na wanafunzi, alitengeneza programu ambayo hupewa maneno matatu tu ikatunga insha ndefu, yenye maneno mazito, isiyo na maana hata kidogo. Mwaka 2014 alionyesha kwamba insha hizo hupata alama za juu kutoka kwa mashine. Msomaji Mlutheri atatabasamu, maana sote tumewahi kusikia mahubiri ya namna hiyo. Lakini kicheko chetu kisitufiche ukweli: kinachopimwa kwa kuhesabiwa, wanafunzi hujifunza kukizalisha.

Programu za leo, zinazoitwa za akili mnemba, zimeyapita mambo hayo. Huweza kueleza kwamba aya ya pili haitegemezi hoja, au kwamba hitimisho halikutokana na yaliyotangulia, na maelezo yake mara nyingi ni ya maana. Hata hivyo tunaona mambo mawili ya kuyaangalia kwa makini kutoka Mwandiga.

La kwanza ni lugha. Programu hizi zimelelewa zaidi na maandishi ya Kiingereza; Kiswahili zinakijua kwa kiasi, na Kiha ni mgeni kwao. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiha, lugha iliyo jirani na Kirundi na isiyoitofautisha l na r kama Kiswahili kinavyofanya, aweza kuandika r mahali pa l. Mwalimu anayeijua Buha huiona asili ya kosa hilo kwa jicho moja, hulirekebisha kwa kalamu, na huendelea kutafuta wazo. Kipimo kisichomjua mwandishi huhesabu makosa. Maandiko yana habari ya mtihani wa namna hiyo katika Waamuzi 12:5-6: kwenye vivuko vya Yordani, watu wa Gileadi waliwapima Waefraimu kwa sauti moja tu ya neno moja, na aliyeshindwa kuitamka hakuulizwa swali la pili. Usahihishaji wake ulikuwa ni wa haraka, usiobadilika, na usiompendelea mtu. Haukuwa wa haki.

La pili ni kwamba programu iwezayo kusoma insha yaweza pia kuiandika. Tayari wako wanafunzi wanaoleta kazi iliyotungwa na mashine, na kama chuo nacho kitaipa mashine kazi ya kuisoma, mashine itakuwa imejiandikia na kujisomea, na mchungaji mtarajiwa atakuwa amebeba karatasi tu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Atakapotumwa kwenye usharika wa mwambaoni, akaitwa usiku kwenye msiba wa mvuvi aliyezama, hatakuwa na sentensi nne za kupanga.

7. Fundisho kwa vyuo vyetu

Kutokana na historia hii twaona kwamba mashine haikuja kwa sababu ya uovu wa mtu. Ilikuja kwa sababu wanafunzi ni wengi na wasomaji ni wachache, na sababu hiyo ingalipo. Kumwambia mwalimu mmoja asome insha mia mbili kwa juma ni kumtwika mzigo usiobebeka. Kwa hiyo tunapendekeza kugawana kazi, si kufukuzana.

Kwanza, yale ambayo jibu lake ni moja yapewe mashine bila hofu: vitenzi vya Kigiriki na Kiebrania, miaka ya mitaguso, mpangilio wa vitabu vya Biblia. Hapo mazoezi ya mara kwa mara yanayojibiwa papo hapo humsaidia mwanafunzi, nayo humwachia mwalimu saa za kusoma.

Pili, wanafunzi waandike mara nyingi na kwa ufupi. Ukurasa mmoja kila juma, uliosomwa, wafaa kuliko kurasa ishirini mwishoni mwa muhula zinazorudi zikiwa na tarakimu peke yake, au zisizorudi kabisa. Kuandika si chombo cha kupimia tu. Ndiyo njia ambayo mtu hutambua kwamba hajaelewa.

Tatu, maelezo yatangulie alama. Ruth Butler, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1988, aliwachunguza watoto wa shule nchini Israeli, akaona kwamba waliopewa maelezo bila alama waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na hata kuliko waliopewa vyote viwili, kwa kuwa penye alama jicho huiona alama likaacha maelezo. Rasimu ya kwanza, basi, irudishwe bila alama. Hapa programu yaweza kuwa msaidizi wa mwanafunzi, imwonyeshe sentensi zilizovunjika kabla mwalimu hajachoshwa nazo, mradi kila mmoja ajue kwamba imetumika.

Nne, wanafunzi wasomeane. Nguzo za ule uzio hazikuwa walimu peke yao. Mwanafunzi wa Mwandiga na mwenzake wa Bukoba wakibadilishana rasimu, kila mmoja hupata msomaji, na kila mmoja hujifunza kusoma kwa upendo na kwa ukali unaofaa.

Tano, kazi ya mwisho, ile inayomruhusu mtu kuendelea kuelekea utumishi, isomwe na mtu, na mtu huyo aiwekee sahihi. Tena mwandishi aitwe aitetee kwa mdomo, hata kwa dakika kumi. Anayeweza kuieleza kazi yake ameifanya yake.

8. Hitimisho

Mtume Paulo aliwatumia waandishi kuziandika nyaraka zake, twalijua hata jina la mmoja wao, Tertio (Rum. 16:22). Hakuona aibu kutumia msaada. Lakini mwishoni mwa Waraka wa Pili kwa Wathesalonike alichukua kalamu, akaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, akasema kwamba hiyo ndiyo alama ya kila waraka wake (2 Thes. 3:17). Alama ile haikuwa tarakimu. Ilikuwa ni ushuhuda kwamba nyuma ya maneno yupo mtu anayewajua wasomaji wake na anayewajibika kwao.

Kanisa linalowatuma watu wake kulihubiri Neno haliwezi kuwalea bila kuyasoma maneno yao. Kama kuna mahali ambapo msomaji mwenye uhai angeweza kuondolewa bila kelele, ni mwisho wa reli, kwa wale ambao hakuna atakayelalamika kwa ajili yao. Wenye uwezo watapata walimu wa kuwasomea siku zote. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kama chuo kina saa chache za kusoma, saa hizo zitumike kwanza kwa maandishi ya yule atakayerudi Mwandiga. Mashine na ihesabu. Kusahihisha ni kazi yetu.